Habari za Kipindupindu: Majina Yake na Njia Yake

Ugonjwa tunaotaka kuueleza umekuwa na majina matatu katika Kiswahili, nayo ni kipindupindu, waba, na tauni. Wasomaji wetu wanaopenda kuchunguza maneno wataona mara moja ya kuwa hakuna hata moja katika majina hayo linalotaja maji. Jambo hili si dogo. Watu hulipa jambo jina kwa kadiri wanavyoliona, na jina likiisha kukaa huwaongoza watoto wao kulitazama kwa jicho lile lile. Ugonjwa uliokuwa ukipita katika kisima na mtungi uliitwa kwa habari ya viungo vya mwili, na ya maradhi yaeneayo, na ya pigo la Mungu. Na kwa muda mrefu watu waliogopa hewa, wakalilia pigo, na huku wakiendelea kunywa.

Tuanze na kipindupindu, kwani ndilo jina lililoshinda. Neno hili limeundwa kama kizunguzungu lilivyoundwa. Katika zunguka na zungusha mna shina la zungu, likakaririwa, likatiwa ki- mbele, likawa jina la jambo limpatalo mtu pasipo kulitaka. Vivyo hivyo katika pindua na pinduka mna shina la pindu. Aliyepata kumwona mgonjwa hatauliza kwa nini. Mishipa ya miguu hukazana na kujinyonga, vidole hupindana, tumbo hugeuka, na mtu aliyekuwa shambani asubuhi, jioni hujulikana kwa shida hata na mkewe. Zamani neno hilo lilitumiwa pia kwa mishtuko mingine ya viungo. Ni jina la kweli, lakini limetaja mwisho wa ugonjwa, halikutaja mlango wake.

Waba na tauni yametoka katika Kiarabu. Waba ni maradhi yo yote yaeneayo kwa watu wengi pamoja. Tauni kwa asili yake ni ule ugonjwa wa mitoki uletwao na viroboto vya panya, na leo Kiswahili kimerudi kulitumia kwa maana hiyo. Lakini katika karne ya 19 watu wa pwani walilitumia pia kwa kipindupindu. Kwa hiyo msomaji akutaye neno tauni katika waraka wa kale asikate shauri upesi. Na atazame kwanza kama palikuwa na kutapika na kuhara, au mitoki. Tena tauni ni neno lililoingia katika Biblia yetu, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, pale Daudi alipopewa kuchagua adhabu. Mkristo alisikiapo neno hilo hufikiri kwanza habari ya dhambi. Hatusemi ya kuwa ni vibaya mtu kufikiri dhambi zake, ila kisima kichafu huua mwenye haki na mwovu pamoja.

Wala si Waswahili peke yao waliopotezwa na jina. Katika Misri na nchi ya Shamu watu waliuita ugonjwa huu hewa ya manjano. Wazungu wameuita cholera, neno la Kiyunani lililokuwa likitumiwa na waganga wa kale, nalo latokana na neno la nyongo. Mmoja alishitaki hewa, mwingine nyongo.

Makao ya kale ya ugonjwa huu ni nchi ya Bengal, mahali mto Ganges unapoachana matawi mengi na kuingia baharini, ambapo maji ya mto na maji ya chumvi huchanganyika. Huko ulikuwako tangu zamani. Lakini mwaka wa 1817 uliwaka katika Jessore kwa nguvu isiyojulikana kwanza, ukatoka ukaenda pamoja na majeshi na merikebu. Mwaka wa 1821 ulifika Maskati, ukaua watu maelfu katika Omani. Na kwa kuwa Maskati na Unguja zilikuwa kama nyumba mbili za mtu mmoja, na majahazi yalikuja kila mwaka kwa pepo za kaskazi, si ajabu kwamba katika mwaka uo huo ugonjwa ulisikiwa Unguja. Ukaja tena pwani yetu mwaka wa 1836 na 1837. Mara ya tatu ni mwaka wa 1858 na 1859. Mwezi wa Februari 1859 Burton na Speke, waliokuwa wamerudi kutoka Tanganyika, walikwenda Kilwa kwa jahazi wakakuta mji unakufa. Burton alikuwa na nia ya kuupanda mto Rufiji, akaiacha, maana mabaharia wake walikuwa wakifa kwa ugonjwa ule.

Tauni ya nne ndiyo tunayoijua vizuri kuliko zote, nayo ni ile ya mwaka wa 1869 na 1870. Twaijua kwa sababu alikuwako Unguja daktari mmoja, James Christie, mganga wa Sultani, ambaye hakuridhika kuwatibu wagonjwa tu, bali alitaka kujua ugonjwa ulipita njia gani hata ukafika. Kitabu chake kilipigwa chapa London mwaka wa 1876. Tunastaajabia hasa namna alivyotafuta habari. Hakuzitafuta katika karatasi za serikali peke yake, bali aliwauliza wenye misafara, wachuuzi wa pembe, na watu waliorudi kutoka bara, akalinganisha neno la huyu na neno la yule, mpaka njia ikajipanga mbele yake kama shanga katika uzi.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka wa 1865 ugonjwa uliwapata mahujaji katika Makka; ilikadiriwa ya kuwa walikufa watu 15,000, na habari hiyo iliyatisha mataifa hata mwaka uliofuata wakakutana Istanbul kushauriana juu yake. Kutoka bandari za Bahari ya Shamu ulivuka ukaingia Uhabeshi, ukashuka kwa nchi za Wagalla, ukafika kwa Wamasai. Wachuuzi wa pwani waliokuwa wamekwenda kununua pembe walikutana nao huko, wakashuka nao hata Pangani mwezi wa Oktoba 1869. Mwezi uliofuata ulikuwa Unguja. Basi safari hii ugonjwa haukuja kwa jahazi la Hindi wala la Arabuni kama watu walivyozoea kutazamia. Wenye kutazama baharini waliupa kisogo, nao ukaja kwa miguu kutoka bara. Kutoka Unguja ndipo ulipopanda vyombo, ukaenda Kilwa, na Komoro, na Msumbiji. Ukapanda bara tena kwa njia ya misafara. Mizigo aliyopelekewa Livingstone ilicheleweshwa, na baadhi ya wapagazi wake wakafa. Naye habari za msiba wa pwani zilimfikia kule Manyema.

Mji wa Unguja wa siku zile ulikuwa umeandaliwa kwa ugonjwa kama meza iliyotandikwa. Sehemu ya mawe ilikaa juu ya rasi nyembamba, na kati yake na Ng'ambo paliingia mkono wa bahari uliojaa na kupwa, na mkono huo ndio uliopokea takataka za pande zote mbili. Nyumba za mawe zilikuwa na vyoo vya shimo. Visima vilikuwa vifupi, na vingi vilikuwa na maji ya chumvichumvi. Tena ardhi yenyewe ni mawe ya matumbawe, yenye nyufa na mashimo, ambayo maji hupita ndani yake pasipo kuchujwa. Mtu akichimba kisima upande huu na choo upande huu, amechimba shimo moja lenye midomo miwili. Na penye vibanda vya makuti vya Ng'ambo watu walisongamana, wengi wao watumwa na maskini, wasiokuwa na maji mengine ya kuchagua.

Katika mji ule na viunga vyake walikufa watu zaidi ya elfu kumi. Hesabu ya kweli haikuandikwa, kwani mtumwa aliyekufa hakuwa na wa kumwandika. Walioteketea zaidi ni wale waliokuwa wakishushwa kutoka majahazi ya Kilwa, wamechoka na njaa na kiu. Na kiu ndiyo iliyowamaliza, maana walipofikishwa penye maji hawakuuliza ni maji gani.

Ingefaa tuulize sasa kama watu wa siku zile wangaliweza kujua. Jibu ni kwamba neno lenyewe lilikuwa limekwisha kusemwa, tena kwa ushahidi, miaka 15 kabla yake, lakini katika mji wa mbali, na wakubwa wa mji ule waliokuwa na mamlaka hawakulikubali.

Mji huo ni London, na aliyelisema ni daktari John Snow, mwana wa mfanya kazi wa York. Mwaka wa 1849 alitoa kijitabu kidogo akisema ya kuwa kitu kiletacho ugonjwa kimo katika uchafu wa mgonjwa, na ya kuwa humwingia mwingine kwa kinywa, hasa kwa maji. Hoja yake ilikuwa nyepesi hata mtoto wa shule aweza kuifuata: ugonjwa waanza tumboni, basi kisababishi chake kimemezwa, kama kingekuja kwa pumzi, kingeanza kifuani. Madaktari wengi walimcheka. Wao walishika hewa mbaya, yaani mvuke wa takataka, nao walikuwa na macho na pua za kuwashuhudia, kwani kweli penye uvundo ndipo watu walipokufa.

Mwaka wa 1854 Snow alipata mizani ya kupimia. Kusini ya mto Thames kampuni mbili za maji zilikuwa zimepitisha mabomba yao katika njia zile zile, nyumba hii ikinunua kwa hawa na ya jirani kwa wale. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mdomo wa bomba lake juu ya mji mwaka wa 1852, penye maji yasiyofikiwa na uchafu wa London. Ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuchota mtoni katikati ya mji. Hewa ni moja, mtaa ni mmoja, matajiri na maskini wamechanganyika. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza maji yatoka wapi. Katika kila nyumba 10,000 zilizokunywa maji ya Southwark na Vauxhall walikufa watu 315. Katika nyumba 10,000 za Lambeth, watu 37.

Katika mwaka uo huo, usiku wa tarehe 31 Agosti, ugonjwa ulianguka juu ya Broad Street katika mtaa wa Soho. Kwa siku kumi walikufa zaidi ya 500. Katikati ya njia ile palikuwa na pampu ya kisima. Snow aliona ya kuwa nyumba ya maskini iliyokuwa karibu, yenye watu 535, ilipoteza watu 5 tu, nayo ilikuwa na kisima chake. Na ya kuwa katika kiwanda cha pombe kilichokuwa hapo hapo hakufa hata mmoja katika watu zaidi ya 70, kwani walikuwa na pombe yao na kisima chao. Twajua ya kuwa baadhi ya wasomaji wetu hawatapenda mfano huu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwako pia mjane mmoja mkaa Hampstead, mbali na mtaa ule, penye hewa njema, naye akafa. Snow alipouliza aliambiwa ya kuwa yule bibi alikuwa amekaa zamani Broad Street, akayapenda sana maji ya kisima kile, hata kila siku akiletewa chupa yake kwa gari.

Hapa tusimame kidogo, maana katika chupa ile ndimo ulimo mtego wote. Maji ya Broad Street yalisifiwa. Yalikuwa maangavu, ya baridi, matamu kuliko ya visima vya jirani. Nasi katika Kiswahili tumezoea kuyapima maji kwa jicho na kwa ulimi: husema maji matamu na maji ya chumvi, maji ya magadi, maji mazito, maji maangavu. Hata sheria ya dini ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, husema ya kuwa maji yakifika kadiri ya kulateni, yaani mitungi mikubwa miwili kwa kipimo cha kale, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, au ladha, au harufu. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya ibada, wala haikukusudiwa kuwa utabibu. Tena ni sheria yenye busara kwa watu wa jangwani. Lakini mtu aliyelelewa katika desturi hiyo, na Mkristo jirani yake ambaye hana desturi iliyo bora kuliko hiyo, wote wawili huamini ya kuwa ubaya wa maji huonekana. Ubaya wa kipindupindu hauonekani, hauna ladha, hauna harufu. Maji yaliyowaua watu wa Soho yangalitosha kwa udhu na kwa ubatizo.

Kitu chenyewe kilikwisha kuonekana kwa hadubini katika mwaka ule ule wa 1854 na Filippo Pacini huko Florence, wala hakuna aliyemsikiliza. Ni Robert Koch, Mjerumani, aliyekitafuta Misri mwaka wa 1883, akakifuata mpaka Calcutta, na huko mwaka wa 1884 akakikuta katika maji ya bwawa ambamo watu wa mtaa walioga, walifua, na kunywa. Ni kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato. Hata baada ya hayo watu wakubwa walibisha, mpaka Hamburg ikalipa gharama. Mwaka wa 1892 mji ule ulikunywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa, ukapoteza watu zaidi ya 8,000. Na Altona, mji uliogusana nao hata mtu asiyejua mipaka hakuweza kuitenga, ulichuja maji yake katika mchanga, nao ukaguswa kidogo tu.

Unguja nako palitendeka jambo ambalo laonekana kwetu kuwa la heshima kuliko majumba yote ya mfalme yule. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hata 1888, alileta maji mjini kwa mifereji na mabomba kutoka chemchemi ya Chemchem, nje ya mji. Kila mwanamke aliyetia mtungi wake penye bomba lile aliacha kisima kimoja cha matumbawe nyuma yake.

Sasa tueleze jinsi ugonjwa huu unavyoua, kwani maana ya tiba imo humo. Vijidudu vikiisha kumezwa hukaa katika utumbo mwembamba, huzaana, na kutoa sumu. Sumu hiyo haiharibu utumbo, ila huulazimisha kumwaga maji na chumvi za mwili. Mgonjwa hutoa maji yasiyo na rangi, yenye ungaunga, kama maji yaliyooshewa mchele, nayo yaweza kuwa lita nyingi kwa siku moja. Macho hudidimia, sauti hukauka, ngozi ikifinywa husimama kama kitambaa, mapigo ya moyo hayashikiki. Basi mtu wa kipindupindu hufa kwa kukauka. Katika maelezo ya kale yaumizayo moyo ni yale ya wagonjwa waliolilia maji wakanyimwa, kwa kuwa wauguzi walidhani kinywaji kitazidisha kuhara.

Lakini dawa ni maji. Mwaka wa 1832 Thomas Latta, daktari wa Leith katika Uskochi, alitia maji ya chumvi katika mshipa wa mgonjwa aliyekuwa akikata roho, naye akafufuka mbele ya macho yake. Jambo hilo likasahauliwa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1960 watu wa elimu katika Dhaka na Calcutta walithibitisha ya kuwa sukari ikichanganywa na chumvi hufungua mlango wa utumbo, hata maji yaliyonywewa yakaingia mwilini ijapokuwa mgonjwa angali akihara. Mwaka wa 1971 wakimbizi wa Bangladesh walijaa katika kambi ya Bangaon, na maji ya mishipa yakawaishia. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na sukari katika madumu, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Waliokuwa wakifa thelathini katika mia wakawa pungufu ya wanne. Kipimo chake nyumbani ni lita moja ya maji safi ya kunywa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko cha chumvi. Huyo mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo bila kukoma, hata akitapika, na huku akipelekwa hospitali. Mtoto anyonyaye asinyimwe ziwa.

Watu wengi walidhani ya kuwa ugonjwa huu umekwisha katika Afrika. Lakini mwaka wa 1961 aina yake nyingine, iitwayo El Tor, kwa jina la karantini ya mahujaji katika Sinai ilikoonekana mwaka wa 1905, ilitoka kisiwa cha Sulawesi ikaanza kuzunguka dunia. Mwaka wa 1970 ilifika Afrika ya Magharibi, mwaka wa 1971 Kenya, mwaka wa 1974 Tanzania; na miaka ya 1977 na 1978 ikaenea Tanzania kwa nguvu. Aina hii ina hila kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa wengi waichukuao hawaugui, au huhara kidogo tu, nao hutembea wakiipanda.

Msiba mkubwa uliowapata wasemao Kiswahili na jirani zao ulikuwa Goma, mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Nchi ile ni mawe ya volkano. Jembe haliingii, choo hakichimbiki, wala kaburi. Maji yaliyokuwa karibu ni ya ziwa Kivu, na watu wakayanywa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Tena tangu Agosti 2015 ugonjwa ulianzia Dar es Salaam ukaenea Tanzania Bara na Visiwani, na hata kufika mwaka wa 2018 ulikuwa umewapata watu zaidi ya 30,000. Chanjo ya kumeza ipo siku hizi, nayo inafaa, ila nguvu yake hupungua, wala haiwi badala ya kisima chema.

Katika desturi zetu ziko tatu ambazo mwalimu hana budi kuziangalia. Ya kwanza ni kata moja itumbukizwayo na mikono yote katika mtungi mmoja. Maji yaliyochemshwa asubuhi yaweza kuharibiwa adhuhuri kwa vidole vya mtoto. Ya pili ni kunawa wote katika bakuli moja kabla ya chakula, kwani anawaye mwisho huosha mikono yake kwa mikono ya wenzake. Desturi ya kale ya pwani, ya kumimina kwa birika juu ya mikono ya mgeni, ilikuwa bora. Ya tatu ni nzito kuliko hizo, nayo ni mazishi. Maiti wa kipindupindu amelowa ugonjwa. Wale waoshao maiti na kumkamua tumbo, kisha wakashika vyombo vya chakula cha matanga, wamelisha kijiji kizima. Si lazima kuwanyima wafu heshima: maiti aoshwe na wachache waliofundishwa, kwa maji yenye dawa ya klorini, na chakula kipikwe na wengine. Neno hili likisemwa na polisi huleta ugomvi, na jamaa humficha maiti. Likisemwa na padre au shehe anayejulikana nyumbani, husikiwa.

Kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni makasisi na walimu, tumeweka mwisho habari ya kasisi mmoja wa Soho, Henry Whitehead, msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Luka. Alikuwa kijana, naye aliwazuru wagonjwa wa Broad Street siku zote za msiba. Alipoisikia hoja ya Snow aliikataa, akajitia kazini kuonyesha ya kuwa ni uongo. Alikuwa na kitu ambacho Snow hakuwa nacho, maana alizijua nyumba zile kwa majina na ngazi zake zote, na waliofiwa walimfungulia mlango. Akarudi kwao mara nne na mara tano, akiuliza ni nani aliyekunywa, na siku gani, na maji yaletwa na nani. Kila alipozidi kuuliza, hoja yake mwenyewe ilizidi kuanguka, hata akawa upande wa Snow. Kisha akatafuta jambo moja lililokuwa likikosa: ugonjwa uliingiaje kisimani?

Akipitia daftari ya vifo aliona jina la mtoto mchanga wa miezi mitano, wa nyumba ya namba 40, iliyo mbele ya pampu, ambaye alianza kuhara siku chache kabla ya wengine wote. Akamwendea mama yake. Mama akamwambia ya kuwa nguo za mtoto alizifua katika ndoo, na yale maji akayamwaga katika shimo la choo lililo mbele ya nyumba. Shimo likafukuliwa. Lilikuwa mbali na kisima pungufu ya futi tatu, na matofali yake yalikuwa yameoza. Baba wa mtoto naye aliugua kipindupindu, tena aliugua tarehe 8 Septemba, siku ile ile mkono wa pampu ulipoondolewa, baada ya Snow kuwashawishi wakuu wa mtaa. Na mkewe akamwaga tena ndoo katika shimo lile lile.